Naomba ushauri: bakteria wanatoboa tenki la dizeli

Wakuu, heshima kwenu. Nipo depo ya mafuta hapa Dar. Tulipofungua tenki kusafisha, sakafu ya chuma ilikuwa na utando mweusi unaonuka yai viza. Ukiukwangua, chini yake kuna vishimo vinavyong'aa. Fundi anasema ni bakteria wasiohitaji oksijeni, wanaishi kwenye maji yanayotuama chini ya dizeli. Wanageuza salfeti (chumvi ya salfa iliyomo majini) kuwa haidrojeni salfaidi, gesi yenye hiyo harufu ya yai viza, nayo inakula chuma. Hata bomba la mafuta la Prudhoe Bay, Alaska (Marekani), lilipovuja 2006, bakteria walishukiwa.

Bosi anataka tumwage dawa tu, yaishe. Mimi naona bila kukwangua utando na kutoa maji mara kwa mara, dawa haiwafikii. Mliowahi kupambana nao, mnapimaje kama wamekufa kweli? Na kupaka epoksi (rangi ngumu ya kukinga chuma) sakafuni kunasaidia?