Ushauri: Ni ukinzani upi unaoingia kwenye konstanti ya muda ya saketi hii?

Mwanachuo_Umeme:

Habari za jioni, wakuu. Naomba msaada katika swali lililotugawa kwenye kikundi chetu cha kujisomea. Betri ya volti 12 imeunganishwa na swichi, kisha resista R1 ya 6 kΩ. Inapoishia R1 kuna R2 ya 3 kΩ inayoshuka hadi upande hasi wa betri, na sambamba na R2 kuna tawi lenye R3 ya 2 kΩ ikifuatana na kapasita ya 100 µF. Tunajua kwamba konstanti ya muda, yaani muda unaoonyesha kapasita inajaa au kujimwaga haraka kiasi gani, ni zao la ukinzani na kapasitansi, ila hatukubaliani kuhusu ukinzani wenyewe. Wapo wanaojumlisha resista zote na kupata 11 kΩ, na wapo wanaoshikilia kwamba ni R3 peke yake. Majibu ya kitabu yametuchanganya zaidi, kwa sababu yanatoa sekunde 0.4 swichi inapowashwa na sekunde 0.5 inapozimwa baadaye. Inawezekanaje saketi moja iwe na konstanti mbili?

Mwalimu_Fizikia:

Ndugu, kitabu kiko sahihi. Ukinzani unaotafutwa ni ule unaokutana na mkondo unaoingia na kutoka kwenye kapasita, kwa hiyo hesabu huanzia kwenye kapasita yenyewe na siyo kwenye betri, na hapo ndipo wengi hupotea. Itoe kapasita, acha miguu yake miwili wazi, kisha jiulize: mtu akipima ukinzani kati ya miguu hiyo atapata ngapi?

Kabla ya kupima, betri iondolewe na nafasi yake iwekwe waya mtupu. Sababu ni kwamba betri kamilifu hubaki na volti zake 12 hata mkondo unaopita ndani yake ukibadilika, na kitu kisichobadili volteji yake mkondo unapobadilika hakina ukinzani wa kuchangia. Kama kingekuwa chanzo cha mkondo, yaani kinachotoa mkondo uleule hata volteji ikibadilika, kingeachwa wazi badala ya kuwekewa waya.

Swichi ikiwa imewashwa, waya huo unaifanya R1 iwe sambamba na R2, nazo kwa pamoja zinatoa 6 × 3 ÷ 9, yaani 2 kΩ. Ongeza R3 inayofuatana nazo, unapata 4 kΩ, na ukizidisha kwa 100 µF unapata sekunde 0.4. Kapasita itaelekea volti 4, kwa kuwa R1 na R2 zinagawana zile 12. Baada ya sekunde 0.4 itakuwa na takriban volti 2.53, ambazo ni asilimia 63.2 ya safari yote. Swichi ikizimwa, R1 inabaki inaning'inia bila njia ya mkondo, hivyo kapasita inajimwaga kupitia R3 na R2 tu, jumla 5 kΩ. Kwa maana hiyo swichi imezalisha saketi mbili, kila moja na konstanti yake. Njia hii ni ya Mfaransa Léon Charles Thévenin, mhandisi wa telegrafu, aliyeichapisha mwaka 1883.

Fundi_Redio:

Nakubaliana na mwalimu. Mkitaka kujihakikishia kwa vitendo, sekunde 0.4 ni fupi mno kwa saa ya mkononi, hivyo wekeni kapasita ya 1000 µF ili mpate sekunde 4 na 5. Resista ya 6 kΩ ni vigumu kuikuta dukani; unganisheni mbili za 3 kΩ kwa mfuatano. Msishangae jibu likipishana na hesabu, kwani kapasita nyingi za elektroliti huruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 20. Mita ya kidijiti yenye ukinzani wa 10 MΩ haitaharibu kitu hapa, ila kwenye saketi za megaomu nayo ihesabiwe kama resista iliyo sambamba na kapasita.

Mwanachuo_Umeme:

Ahsanteni sana, tumeelewana sasa. Je, ikiwa ndani kuna chanzo tegemezi, yaani ambacho volteji au mkondo wake hutegemea sehemu nyingine ya saketi, nacho tunakiondoa?

Mwalimu_Fizikia:

Hapana, hicho kiacheni, kwa sababu mkondo wake unafuata hali ya saketi. Badala yake wekeni chanzo cha majaribio cha volti 1 mahali pa kapasita, mtafute mkondo kinaoutoa, kisha mgawanye volti hiyo kwa mkondo huo. Chukulia resista moja ya 1 kΩ inayopitisha mkondo i, na chanzo tegemezi kinachosukuma 0.5i kwenye ncha yake ya juu. Kwa volti 1, i ni mA 1. Chanzo tegemezi kinatoa nusu yake, cha majaribio kinatoa mA 0.5 tu, na ukinzani unakuwa 2 kΩ ingawa hakuna resista ya kiasi hicho popote. Chanzo tegemezi kikisukuma zaidi ya i, ukinzani unatoka hasi na volteji ya kapasita inazidi kukua badala ya kutulia. Mkikutana na jibu la namna hiyo kwenye mtihani, kagueni kwanza mwelekeo wa mishale ya mikondo kabla ya kuendelea.