Puli ya pampu ya pawa stering, Chevrolet Caprice ya 1985: inaingiaje bila nyundo?

BinChake
Assalaam alaykum jamani. Mie nipo Chake, nna Caprice ya 1985, injini V8 ya 305 (ukubwa wake kwa inchi za ujazo), stering kushoto, gari ya ammi yangu alokuja nayo zamani kutoka Maskati. Puli ya pampu ya pawa stering ilipinda mdomo, mkanda ukawa unalia kila nikikata kona na mara nyengine unachomoka kabisa. Puli mpya nimeshaipata, kuna mtu kaniletea kutoka Dubai, na ile ya zamani tumeitoa kwa pula (kifaa cha kung'olea puli) ya kuazima. Sasa kasheshe ni kuitia hii mpya. Nlidhani ntakuta kii (kile kipande cha chuma kinachozuia puli isiteleze kwenye shafti) na nati kama kwenye Toyota, kumbe hamna, tundu tupu na shafti tupu, yaani inaingia kwa kubana tu. Fundi wangu anasema tuipake grisi tuweke kipande cha mbao tuigonge pole pole itaingia yenyewe. Mie moyo unasita. Nyie mloshika gari za Kimarekani mnafanyaje? Na pale mbele ndani ya shafti kuna kitundu kina meno, kile cha nini?

Spana17
Waalaykum salaam. Kwanza mwambie fundi wako aiweke nyundo chini, tena mbali.
Hiyo ni pampu ya Saginaw (aina ya pampu za stering za GM, wenye Chevrolet), ndani yake mna rota na vibamba vyembamba vinavyozunguka katikati ya sahani mbili. Ukigonga puli kwa mbele kile kishindo hakibaki kwenye puli, shafti inarudi nyuma na kwenda kukita kwenye zile sahani za ndani, puli itaingia kweli lakini pampu utakuwa ushaiua, itaanza kuvuma au kuvuja na utasema puli mbovu.
Hicho kitundu chenye meno ndo jibu lako. Unaivuta puli kwa bolti, hupigi kitu. Tafuta bolti ndefu yenye meno mwili mzima, inchi 4 hivi, itie nati yake, halafu washa nene mbili tatu zenye grisi, halafu puli, kisha izungushe bolti kwa mkono mpaka iingie vizuri ndani ya shafti. Iingie hasa, sio meno mawili matatu, maana yakichunika hayo ndo basi tena. Ikishakaa shika kichwa cha bolti kwa spana kisizunguke, spana nyengine kaza nati. Puli inakwenda yenyewe taratibu. Ukipata beringi ndogo ya kuweka kati ya nati na washa itakuwa raha zaidi. Na washa ibane kwenye kitovu cha puli, usiiache ikabana bati la pembeni utalipinda kama lile la mwanzo.

KibandaMaiti_4x4
Bolti mbona ipo tu, nenda kwa wenye skrepa za Land Rover za zamani, bolti za inchi zimejaa kule, chukua ya 3/8 umalize kazi.

Spana17
Hapana yakhe, hapo utamponza mwenzio. Land Rover bolti zake nyingi za 3/8 ni meno membamba, 24 kwa inchi. Shafti ya Saginaw inataka 3/8 ya meno 16 kwa inchi. Na wala asije akatia bolti ya milimita 10 akaona zinafanana, 3/8 ni milimita 9.5, ile ya 10 itaanza kuingia kwa shida kisha inakula meno ya shafti. Akikosa kabisa aende kwa fundi wa kukereza vyuma amkatie moja, ila achague chuma kigumu, bolti laini ya kitanda inakatikia ndani na hapo mtaanza mada mpya.

BinChake
Ahsante sana. Bolti ntaagizia Unguja. Suali jengine, kuna jirani kanambia niipashe puli moto kwa gesi ya kuchomelea itatanuka iingie kwa urahisi, kweli hiyo?

MamaGrisi
Gesi usithubutu mwanangu, oilsili ya pampu (mpira unaozuia oili isivuje) ipo hapo hapo nyuma ya puli, ikiungua utavuja mpaka uchoke. Kama unataka moto chemsha puli peke yake kwenye sufuria ya maji (sio ya mkeo), ifute upesi uitie. Chuma cha milimita 19 kikitoka nyuzi 30 kwenda 100 kinatanuka kama milimita 0.016, kidogo lakini kwa kitu cha kubana kinasaidia. Bolti bado utaihitaji.
Shafti ipitishie msasa mwembamba utoe kutu tu, usiikwangue. Kutu ya huku kwetu na hewa ya bahari mnaijua. Na kama puli inaingia kwa mkono bila kubana basi tundu lake limelika au umeuziwa siyo, irudishe, usichomelee.

Halafu kabla hujavuta hakikisha breketi ya mbele ishakaa kwenye pampu, kwenye V8 hizi nyengine bolti zake zinafichika nyuma ya puli, utakuja kuitoa tena bure.

BinChake
Ntajuaje imefika?

Spana17
Uso wa kitovu uwe sawasawa na ncha ya shafti. Washa ikigusa shafti umefika, ukiendelea kukaza unavuta meno tu. Kisha weka rula ndefu iliyonyooka kutoka puli ya krenki (ile ya injini inayozungusha mkanda), mfereji uelekeane na mfereji. Mkanda ukiubonyeza katikati ushuke kama sentimita moja. Unapoukaza usitie mtaimbo kwenye tangi la pampu, lile bati tu linabonyea, sukumia kwenye breketi.

MamaGrisi
Na hewa itoe. Nyanyua magurudumu ya mbele, jaza oili, zungusha stering kushoto kulia injini imezimwa, uongeze oili mpaka mapovu yaishe ndo uwashe. Stering usiikazie mwisho ikabaki pale, pampu inapata moto bure.

BinChake
Fundi kasoma yote, kanuna lakini nyundo kaiweka. Bolti ikifika tu naivuta.

KibandaMaiti_4x4
Mie nlosema ya Land Rover naomba msinitaje kwa fundi 😂