Mjadala: Kemikali zisizooza tuzipige marufuku ukoo mzima au moja moja?

Mleta mada, Nyamagana
Wakuu, salaam. Mwaka 2023 Ujerumani, Uholanzi, Denmark, Sweden na Norwe zilipendekeza Ulaya izuie PFAS zote kwa mpigo. Ni kemikali zisizooza za kaboni na florini, zilizomo kwenye vikaango visivyogandisha chakula, makoti ya mvua, baadhi ya karatasi za kufungia chakula na povu la kuzimia moto wa mafuta. Kule Marekani, jimbo la Maine lilipitisha sheria yake 2021, Minnesota 2023.

Sisi je? Tutunge sheria ya ukoo mzima, au tuendelee kufuata orodha ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa unaozuia sumu zisizooza moja moja? Mimi nasema ukoo mzima. Kati ya PFAS, kwenye mkataba PFOS iliingia 2009, PFOA 2019, PFHxS 2022. Miaka 13 kuwakamata ndugu watatu, na ukoo una maelfu! Ukimfungia mmoja, kiwanda kinamleta binamu yake, uchunguzi unaanza upya. Maji ya Mwanza tunayavuta ziwani, Capri Point na Butimba. Klorini inaua vijidudu, PFAS haizigusi, na kuchemsha hakuziondoi. Ziwa lenyewe lina mto mmoja tu unaotoka, Nile kule Jinja, kwa hiyo kilichoingia hakitoki upesi.

Mkulima wa pamba, Magu
Mkuu, wewe unaongelea vikaango. Sisi marufuku tunaijua ilivyofika shambani. Endosalfani, ile dawa ya wadudu tuliyozoea kuiita thiodani, iliwekwa kwenye orodha ya mkataba 2011. Kwetu hakuna aliyekuja kutuambia tupulize nini badala yake. Funza wa vitumba hasubiri semina. Unapasua kitumba kilichotoboka, unamkuta kajikunja ndani, nyuzi zimeshaoza, na jirani yake ni hivyo hivyo. Hapo mtu anakwenda gulioni kununua chupa isiyo na lebo, na simlaumu sana.

Sheria siipingi. Napinga sheria inayotaja kinachokatazwa bila kutaja mbadala wake, bei yake na nani atauleta. Na kabla hamjanishukia: najua mvua ikinyesha vyote vinateremka na Mto Simiyu hadi Ghuba ya Speke.

Mama Dagaa, Mwaloni Kirumba
Mdogo wangu wa Magu, dawa hizo hizo za mashambani ndizo watu walizimwaga majini kuvulia samaki. Mwaka 1999 Ulaya ikafunga mlango kwa samaki wa ziwa zima, Tanzania, Kenya na Uganda. Kuvua kwa sumu kulikuwa kosa kisheria tangu zamani. Kilichotushtua ni mnunuzi kuondoka. Kwa hiyo mnaponiambia sheria mpya, nauliza: nani atapima? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, mgambo akaiona mkononi mwa mtu. Hizi PFAS zenu mgambo ataziona wapi?

Mhudumu wa afya, Sengerema
Angalizo tu. DDT nayo ni sumu isiyooza, lakini mkataba umeiruhusu kwa ajili ya mbu wa malaria pale ambapo mbadala salama, unaofaa na wa bei nafuu haupo. Kanda hii malaria inatuua. Msije mkaandika sheria ya hasira.

Mleta mada
Dada, hapo nakubali. Hata pendekezo la Ulaya lina nafasi hiyo: miezi 18 ya kujiandaa, kisha baadhi ya matumizi yanaongezewa miaka 5 au 12. Minnesota imeweka 2032 kama mwisho kwa bidhaa karibu zote, isipokuwa pale ambapo hakuna namna nyingine. Msamaha uwepo, ila uwe na tarehe ya kufa. Mama Dagaa, upimaji uanzie bandarini kwa mwagizaji, aoneshe kilichomo ndani ya mzigo. Mgambo wa sokoni tumwache.

Fundi umeme, Igoma
Nyote mnaongelea yanayokuja. Yaliyopo tayari mmeyasahau. Transfoma kuukuu nyingi zilijazwa mafuta yenye PCB, kemikali nyingine zisizooza, nazo zimo kwenye mkataba tangu orodha ya kwanza ya kemikali 12. Vifaa vyake vilitakiwa viondolewe kazini kufikia 2025, na mafuta yenyewe yashughulikiwe kufikia 2028. Fundi anasoma kibati: mwaka wa kutengenezwa na aina ya mafuta. Kibati kikiwa kimeng'oka, PCB tupu huzama kwenye maji, mafuta ya kawaida huelea. Lakini yaliyochanganyika nayo yanaelea vizuri tu, kwa hiyo macho hayatoshi, inabidi kipimo. Na kuyateketeza kunahitaji tanuri la joto kali sana. Nchi nyingi za Afrika zimekuwa zikisafirisha kwenda Ulaya, kwa gharama si ndogo.

Mleta mada, kwenye sheria yako ya ukoo mzima, kifungu cha nani analipia kuondoa kiko wapi?

Mkulima wa pamba, Magu
Ongeza na makopo matupu ya dawa. Huku watu wanachotea maji.

Mleta mada
Fundi, sijakiweka. Aliyeingiza bidhaa alipie, hilo ni jepesi kuandika. Za zamani ambazo mwenyewe hajulikani, naona serikali ibebe. Mwenye wazo bora alete, nitaingiza kwenye rasimu ya maoni.