Mrejesho: nguruwe wa kuoka na nanasi

Ndugu zangu, niliwauliza namna rahisi ya kuoka nguruwe kwa chakula cha jioni, na tunda gani liende naye. Nimepika, asanteni sana!

Nilinunua bega la kilo 2 lenye ngozi, Wandegeya, Kampala. Nikalichanja, nikalipaka chumvi, kitunguu saumu na tangawizi, likalala kwenye friji bila kufunikwa ili ngozi ikauke. Oveni nyuzi 180 kwa saa mbili hivi, kisha 220 mwishoni. Ngozi ikatoa vipovu, ikawa inavunjika kwa kisu, kra! Dada uliyenijibu ukisisitiza nyama iive hadi ndani kwa ajili ya minyoo ya tegu, nakuunga mkono kabisa. Nilipochoma katikati, maji yalitoka safi, bila wekundu.

Nanasi la Kayunga, wilaya ya Uganda, ndilo lililoteka meza. Nilikata vipande vinene, nikavikaanga kwenye mafuta yaliyochuruzika treini mpaka vikawa kahawia, nikamalizia na ndimu, kitunguu na pilipili. Msiliache nanasi bichi na nyama usiku kucha, maana hulainisha nyama ikarojeka.

Tulikula na matoke. Embe zikianza, nitajaribu embe lisiloiva sana.