Mjadala: Kijana alazimishwe kubaki shuleni hadi miaka 18?

Wadau, kila tukizungumzia vijana wanaokatisha masomo ya sekondari, jibu la haraka ni lilelile: wahamasishwe. Anaitwa mgeni, anawahutubia, wanapiga makofi, wanarudi madarasani. Kwangu huko ni kukwepa kazi. Msimamo wangu ni kwamba sheria iwabakize masomoni hadi miaka 18, na shule nayo ibanwe kumfuatilia kila anayeanza kupotea.

Hakuna anayeacha shule kwa siku moja. Mwalimu wa darasa anayekagua daftari la mahudhurio kwa makini anazijua dalili: kwanza Ijumaa, halafu Jumatatu, halafu vipindi vya baada ya mapumziko. Ukichimba, mara nyingi unakuta hisabati. Kijana aliugua wiki ile milinganyo ilipofundishwa. Wenzake wakasonga mbele, yeye akabaki ananakili ubaoni bila kuelewa, na akiitwa kujibu anachekwa. Mwaka ukiisha tunasema hapendi shule! Huyo hotuba haimfai kitu. Anayemfaa ni mtu mzima anayelijua jina lake, anayempigia mzazi simu siku ileile aliyokosekana badala ya kusubiri mwisho wa muhula, kisha anakaa naye mpaka hiyo milinganyo imwingie.

Najua wapo watakaosema ukimlazimisha asiyetaka, atawavuruga wanaotaka. Hoja hiyo ni nzito, na walimu wanaoitoa wanajua wanachosema. Lakini kubaki masomoni si lazima kuwe kukalia dawati lilelile. England ilipandisha umri hadi miaka 17 mwaka 2013, kisha 18 mwaka 2015, na kijana anaruhusiwa kutimiza sharti hilo kwa uanagenzi, au kwa kazi inayoendana na mafunzo. Ujerumani mwanagenzi anafanya kazi kwa mwajiri huku akihudhuria shule ya ufundi. Asiyevutiwa na vitabu anapata njia, na cheti juu.

Kuna wanaopenda kuwataja matajiri "walioacha shule". Bill Gates na Mark Zuckerberg waliacha chuo kikuu, tena Harvard. Sekondari walimaliza wote wawili. Tafadhali tusiwape watoto wa miaka 15 mfano huo nusunusu, maana wapo wanaouamini.

Linabaki suala la pesa, na hapo sheria peke yake haifui dafu. Mexico ilianzisha mpango wa Progresa mwaka 1997: familia maskini zilipewa ruzuku kwa sharti kwamba mtoto ahudhurie angalau asilimia 85 ya siku za masomo. Wasichana wa sekondari walitengewa kiasi kikubwa kuliko wavulana, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakiacha zaidi. Uandikishaji wa sekondari ulipanda, hasa kwa wasichana hao. Hawakuhubiriwa umuhimu wa elimu, wazazi wao walikuwa wanaujua siku zote; walipunguziwa mzigo uliowafanya wamtoe binti darasani.

Sasa nawasikiliza mnaopinga. Mnasema uamuzi uachiwe familia. Haya, binti wa miaka 16 anataka kuendelea na masomo, ila mzazi wake mwenyewe ndiye anayemtoa ili akafanye kazi au aolewe. Bila sheria, nani atasimama upande wake?