Kalamba kidole, kafunua mswada, kaniambia "hii picha, hailipwi"!

Wakuu, niko kwenye daladala natoka Kariakoo, mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie.

Yule mchapishaji mnamjua. Simtaji. Yule mwenye ahadi ndefu kuliko reli ya TAZARA. Mtaala mpya ulipoanza Januari 2024, vitabu vya kiada vikiwa vya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), wenzake wote wakakimbilia vya ziada kutafuta ithibati, yaani kibali cha kutumika shuleni. Naye hakubaki nyuma, akanipigia simu asubuhi, mchana, jioni: "mwalimu wangu, mama yangu." Nimwandikie kitabu cha Sayansi Darasa la Tatu. Tukakubaliana kwa mdomo 15,000 kwa ukurasa. Nimekesha miezi minne, kurasa 112. Pigeni hesabu: 1,680,000.

Leo nimefuata changu. Akavuta mswada, akalamba kidole, akaanza kufunua. "Hii maandishi. Hii picha. Hii picha. Hii nusu picha, tuiite picha." Halafu akaniangalia usoni: "Mwalimu, kwenye picha hujaandika kitu. Hailipwi."

Kitabu cha mtoto wa Darasa la Tatu! Alitaka kiwe kama Katiba?

Ukurasa wa kipepeo peke yake nilimwandikia mchoraji maelekezo ya kurasa tatu. Yai likae chini ya jani, kiwavi aonekane anakula, pupa lining'inie vipi. Usiku mzima. Yeye kalamba kidole, "hii picha", kapita.

Kurasa 70 zimeliwa. Zikabaki 42, yaani 630,000. Akakata asilimia 5 kodi ya zuio, nikamwomba cheti chake, akasema kitakuja. Mkononi 598,500. Fundi aliyenishonea begi la kubebea huo mswada kapata faida kunizidi.

Na jalada? Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa. Yeye anasema ataandika "jopo la waandishi". Jopo gani? Nilikuwa mimi na taa ya chumbani!

Hata hilo ningelimeza. Lakini kile kidole, wakuu. Kalamba mara 112!

Chaki_Nyeupe: Pole mwalimu. Mkono mtupu haulambwi, sasa yeye kajilamba wa kwake 😂

Mzaramo_Halisi: Mkataba uko wapi? Miezi minne kwa "mama yangu"? Unawafundisha watoto nini huko?

Chaki_Nyeupe: Acha kumsimanga, Mzaramo. Ukidai mkataba wanakwambia "basi tuna vijana wengi". Mimi nilidai mwaka juzi, simu yangu haijapokelewa hadi leo.

Penseli_HB: Subirini kwanza. Sayansi la tatu, kipepeo, pupa kwenye tawi la mwembe? HUO MCHORO NI WANGU! Mimi kaniambia ukurasa wenye maneno mengi hauhesabiki kwa mchoraji! Kanilipa picha 31!

Mwanzishaji uzi: Penseli, 31?? Mimi kanikata 70! Zile 39 kamlipa nani?

Chaki_Nyeupe: Kamlipa kidole 😂😂😂

Nairobi_Kalamu: Poleni ndugu. Huku kwetu mkataba upo, mrabaha (asilimia ya mauzo) upo, lakini tangu 2018 serikali inanunua vitabu na kupeleka shuleni yenyewe. Mswada wako usipochaguliwa, hiyo asilimia yako ni asilimia ya hewa. Afadhali nyinyi mmeonyeshwa kidole, mimi nimeonyeshwa taarifa ya mauzo yenye sufuri.

Mama_Tafsiri: Mnalia na kurasa? Mimi mtafsiri nalipwa kwa maneno, na jamaa kaondoa "na", "ya", "wa", "kwa". Eti hayo ni viunganishi.

Mzaramo_Halisi: "Ya" na "wa" siyo viunganishi, ni vihusishi.

Mama_Tafsiri: Mwambie yeye basi, ndiye aliyekata!

Mwanzishaji uzi: Jamani turudi kwenye mada. Kalamba kidole mbele yangu!

Bukoba_Mjini: Mwalimu, samahani, umesema kiwavi. Mwanangu kafundishwa lava. Lipi sahihi?

Mzaramo_Halisi: Lava ni ya volkano. Kiwavi.

Penseli_HB: Mimi maelekezo yalisema kiwavi, mchapishaji akafuta akaweka lava, nikachora upya. Bure.

Nairobi_Kalamu: Wengine huandika buu.

Bukoba_Mjini: Buu si lile la nzi?

Chaki_Nyeupe: Buu la nzi, kiwavi wa kipepeo, kiluwiluwi cha mbu. Tumemaliza.

Mzaramo_Halisi: Hatujamaliza. Kiluwiluwi si cha chura?

Mama_Tafsiri: Vyote viwili. Kamusi ninayo hapa mezani, ngoja nifunue.