Naomba ushauri: SX-70 na doa linalojirudia, pia filamu ya 600

Habari zenu wakuu. Nina Polaroid SX-70 ya kukunja, kamera inayotoa picha papo hapo, aina iliyoingia sokoni mwaka 1972. Mota inazunguka, shata inafunga, kadi nyeusi ya kinga inatoka bila kukwama. Kamera hii haina betri yake, umeme wa volti 6 unatoka ndani ya pakiti ya filamu, na pakiti yenyewe siku hizi ina picha 8 tu. Kila picha inazidi dola 2 kabla ya usafiri hadi Dar, kwa hiyo kujaribu-jaribu ni kuchoma hela.

Kila picha ina madoa meupe yaliyopangana kwa umbali uleule, dalili ya dawa ya picha iliyokaukia kwenye rola (vyuma viwili vinavyobana picha inapotoka). Nimezifuta rola zote mbili kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, nikizizungusha duara zima. Madoa mengine yameisha, moja halitoki. Filamu nahifadhi kwenye friji (si friza), natoa saa moja kabla, na picha nazilaza kifudifudi gizani.

Maswali mawili:

Doa lililobaki ni rola imebonyea, au kuna uchafu mgumu bado? Mnautoaje bila kuchubua chuma?

Pili, filamu ya 600 (aina nyingine ya Polaroid) inapokea mwanga haraka kuliko ya SX-70 kwa takriban stopu mbili, yaani mara nne. Kichujio cha kupunguza mwanga kinatosha, au nibadilishe saketi ya kupimia mwanga? Nahofia kichujio kitatia giza kwenye kitafuta picha, maana unatazama kupitia lenzi hiyohiyo.

Natanguliza shukrani.